Fuvu la Oldupai na yuniti sitini: kusoma anthropolojia kupitia chuo cha jamii

Nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na minne bila kuingia Makumbusho ya Taifa. Mtaa wa Shaaban Robert niliupita kila wiki, nikaliona geti, nikaona watoto wa shule wakishushwa kwenye mabasi, nikaendelea na hamsini zangu Posta. Fuvu linalotunzwa humo nilikuja kulishika California, tena nakala yake ya plasta, kwenye maabara ya chuo cha jamii, Jumanne usiku, mikono bado inanuka dawa ya usafi kwa sababu nilikuwa nimetoka zamu kwenye nyumba ya wazee.

Mwalimu alipanga mafuvu sita mezani, akatugawia vipimo vya chuma na karatasi ya kujaza. La nne lilikuwa na ukingo wa mfupa utosini kama upanga wa jogoo, na magego mapana kiasi kwamba nililinganisha moja na kucha ya kidole gumba changu, kucha ikashindwa. Chini pamebandikwa karatasi: OH 5. Ndilo lile aliloliona Mary Leakey pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, likapewa jina Zinjanthropus kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu. Jamaa niliyekaa naye meza moja akaniuliza, kwenu liko wapi hilo lenyewe? Nikamwambia liko mjini kabisa, karibu na Posta. Sikumwambia kwamba sijawahi kwenda kuliona.

Hayo yamerudi kichwani kwa sababu ya binti wa jirani hapa City Heights, San Diego. Wazazi wake ni wa Uvira, Kongo, yeye kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kaja Marekani akiwa na miaka kumi na miwili, na mwaka huu amemaliza sekondari. Anataka anthropolojia. Baba yake ana mashaka mawili: moja ni hiyo anthropolojia yenyewe, la pili ni kwamba binti anataka kuianzia chuo cha jamii. "Mama, baba anasema nikianzia kule watu watajua nimefeli," aliniambia, akiwa amekaa jikoni kwangu na simu yenye kurasa kumi na saba zilizofunguliwa kwa wakati mmoja, kila moja ikisema lake. Kurasa zile ndizo zilizonifanya niandike, kwa kuwa jambo hili limefungwa mafundo mengi na mafundo yenyewe hayako pale watu wanapodhani.

Tuanze na jina. Mtu wa Afrika Mashariki akisikia chuo cha miaka miwili anawaza stashahada: chuo cha ualimu, chuo cha uganga, mahali unapotoka na fani mkononi, na ukitaka digrii baadaye unaomba upya na mara nyingi unaanza mwaka wa kwanza kama mtu mpya. Chuo cha jamii cha Marekani kinafundisha fani pia, ufundi wa magari hadi uuguzi, lakini kina kazi ya pili ambayo kwetu haina kifani. Kinafundisha miaka miwili ya kwanza ya digrii yenyewe. Ukimaliza, unaingia chuo kikuu mwaka wa tatu. Cheti cha mwisho kinatoka chuo kikuu, na hakielezi kwamba ulianzia pengine.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1901, mjini Joliet katika jimbo la Illinois, shule ya sekondari iliongezwa madarasa ya ngazi ya chuo kwa kushirikiana na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, aliyeamini kwamba miaka miwili ya mwanzo ya chuo inaweza kufundishwa mahali pengine ili chuo kikuu kishughulike na elimu ya juu zaidi. Chuo hicho cha Joliet bado kipo. California ndiyo iliyolifanya wazo hilo kuwa mfumo mzima. Mpango Mkuu wa elimu ya juu wa 1960 uligawa kazi katika ngazi tatu: Chuo Kikuu cha California, yaani UC, kichukue sehemu moja ya nane ya juu, yaani asilimia 12.5 ya wahitimu wa sekondari. Vyuo vikuu vya jimbo, CSU, vichukue theluthi ya juu. Na vyuo vya jamii vimpokee yeyote anayeweza kufaidika na masomo. Yeyote maana yake yeyote. Ukiwa na miaka kumi na minane hakuna anayekuuliza ulipata divisheni gani. Mwenye divisheni foo ya kidato cha nne anakaa dawati moja na kijana aliyeachwa na UC kwa alama chache. Leo vyuo hivyo ni 116.

Kwa hiyo baba wa binti yuko sahihi kwa nusu: kule wako waliofeli. Wako pia akina mama wa miaka hamsini, wanajeshi waliostaafu, na watoto wa matajiri waliopiga hesabu ya ada. Hesabu hiyo yenyewe ni fupi. Mkaazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti (kipimo cha ukubwa wa kozi, wengine huita krediti), na yuniti sitini zinamtosha kuhama, yaani dola 2,760 kwa miaka yote miwili. UC inatoza zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka mmoja. Mwenye kipato kidogo anaweza kufutiwa hata hizo 46, na mkimbizi au mwenye grini kadi ana haki ya kuomba ruzuku ya serikali kuu, ile Pell, ambayo kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka na hairudishwi. Mwanafunzi aliyekuja kwa viza ya masomo habari yake ni nyingine kabisa. Halipi kama mkaazi, anaongezewa dola mia kadhaa kwa kila yuniti, ruzuku ya serikali kuu haimhusu, na lazima asome yuniti zisizopungua kumi na mbili kila muhula. Ndugu walioko nyumbani wanaotumiwa matangazo ya "chuo rahisi Marekani" wazisome sentensi hizo mbili za mwisho mara mbili.

Sasa anthropolojia. Kwa nini somo hili linakaa vizuri kwenye miaka miwili ya chuo cha jamii kuliko, tuseme, uhandisi? Jibu liko kwenye namna Wamarekani walivyolipanga. Franz Boas, Mjerumani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, alilijenga juu ya matawi manne: mwili wa binadamu na asili yake, mabaki ya kale, lugha, na utamaduni. Wanafunzi wake waliueneza mpangilio huo nchi nzima. Kwetu tulirithi utaratibu wa Kiingereza, unaotenganisha. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiolojia ina idara yake, anthropolojia imekaa na sosholojia, na lugha ziko kwingine. Ukitaka yote manne, vaa viatu vya kutembelea. Hapa yamo chini ya paa moja, na miaka miwili ya mwanzo ni utangulizi wa kila tawi: anthropolojia ya kibayolojia, ya utamaduni, akiolojia, na ikiwezekana ya lugha, pamoja na maabara ya lile la kwanza. Kozi tano. Mwanafunzi wa uhandisi ana ngazi ya hesabu ambayo akikosa kidato kimoja anachelewa mwaka, ilhali sisi kozi zetu za mwanzo, ukiacha maabara, hazitegemeani. Unaweza kuanza na lugha ukamalizia na mafuvu.

Zaidi ya hapo, kozi hizo zinafanya kazi mara mbili. Kila anayehama California anatakiwa awe na mkusanyiko wa masomo ya jumla. Tangu msimu wa vuli wa 2025 mkusanyiko huo ni mmoja kwa UC na CSU, unaitwa Cal-GETC, una kozi kumi na moja na yuniti 34: uandishi, hoja, kuzungumza hadharani, hesabu, sanaa, sayansi ya jamii, sayansi asilia na maabara yake, na masomo ya makabila. Anthropolojia ya kibayolojia inaingia kwenye sayansi ya viumbe. Maabara yake inajaza sehemu ya maabara. Ile ya utamaduni inaingia kwenye sayansi ya jamii. Mimi niliyeogopa kemia tangu kidato cha pili niliivuka sayansi yote ya viumbe kwa kupima magego ya Zinji.

Hapo hapo pana mtego mdogo, na binti alikuwa ameshauingia kwenye ratiba aliyojichorea. Sehemu ya sayansi ya jamii inataka kozi mbili kutoka fani mbili tofauti. Yeye aliweka anthropolojia ya utamaduni na akiolojia. Zote ni anthropolojia. Moja ingehesabiwa, ya pili isingehesabiwa kwenye sehemu hiyo, na angeligundua hilo muhula wa mwisho, wakati ambao kila mtu hugundua mambo. Tulichomoa akiolojia tukaiacha upande wa fani, tukaweka siasa mahali pake.

Hapa ndipo penye fundo kuu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu huuliza, "Yuniti zangu zinahamishika?" Swali hilo linaonekana moja na ndani yake kuna matatu. La kwanza: je, chuo kikuu kitaipokea yuniti hii? La pili: kikishaipokea, itajaza nafasi gani kwenye masomo ya jumla? La tatu: itahesabiwa kwenye fani yangu? Unaweza kupata ndiyo ya kwanza na hapana mbili zinazofuata. Fikiria noti ya elfu moja ya Kenya pale Namanga. Upande wa Tanzania muuza chai anaipokea, hata hakuangalii. Ukiipeleka Dodoma sokoni ni fedha halali ya nchi jirani, hakuna anayebisha, ila nyanya hupewi. Yuniti nyingi zinazopotea hazikukataliwa. Zilipokewa zikawekwa kwenye kapu la masomo ya hiari, na kapu likiwa limejaa hazina kazi.

Kaka mmoja wa Mombasa tuliyesoma naye alikuja kutoka jimbo lingine na yuniti thelathini na nane. Zilipokewa karibu zote. Kwenye fani ilihesabiwa kozi moja. Akiolojia aliyokuwa ameisoma kule ilikuwa na jina lilelile na kitabu kilekile, ila hapakuwa na makubaliano ya maandishi kati ya chuo kile na huku, hivyo ikabidi alete silabasi, idara iisome, na mwalimu aliyeifundisha alikuwa ameshaacha kazi. Kaka aliirudia. Hayuko peke yake: ofisi ya serikali kuu inayokagua matumizi, GAO, ilikadiria katika ripoti yake ya 2017 kwamba wanafunzi waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

California ina dawa ya jambo hili, na dawa yenyewe ni tovuti ya umma yenye sura ya kizamani iitwayo ASSIST. Unaingiza chuo unachotoka, chuo kikuu unachokwenda na mwaka, kisha unachagua fani. Unapewa jedwali la safu mbili: kulia kozi za chuo chako cha jamii, kushoto kozi za chuo kikuu zinazolingana nazo. Palipoandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, amini. Hilo jedwali ndilo makubaliano yenyewe. Ushauri wa rafiki, wa mtandaoni, hata wa mshauri wa masomo mwenye wanafunzi mia kadhaa na dakika thelathini kwa kila mmoja, vyote ni maelezo tu. Mimi mwenyewe niliambiwa na mshauri, mtu mwema kabisa, kwamba jiografia ya utamaduni itachukua nafasi ya anthropolojia ya lugha. Nilitoka ofisini nimefurahi. Muhula mzima nikachora ramani za mipaka ya dini. Nilipofungua jedwali baadaye, haikuwa imechukua nafasi ya chochote. Siku hizi namwambia kila kijana: jedwali kwanza, mshauri baadaye, na ukienda kwa mshauri nenda na jedwali limechapishwa.

Tatizo la jedwali ni kwamba linakutaka ujue unakokwenda kabla hujaanza. UC Berkeley wanataka utangulizi wao ulivyo, kampasi nyingine inaweza kutaka takwimu, nyingine ina digrii mbili za anthropolojia, moja ya sanaa na moja ya sayansi, na ya sayansi inakurudisha kwenye ile kemia niliyoikimbia. Kwa hiyo mpango wa miaka miwili husomwa kutoka mwisho kuja mwanzo. Chagua kampasi tatu au nne, fungua jedwali la kila moja, andika kozi zinazojirudia kwenye zote. Hizo ndizo za mwaka wa kwanza. Zinazotofautiana zingoje mwaka wa pili, ukishajijua.

Na njia za kuhama ni mbili, watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza inaelekea CSU. Sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2010 ilianzisha shahada shirikishi ya kuhamia, kwa anthropolojia inaandikwa AA-T. Unakamilisha yuniti sitini, kati yake zisizopungua kumi na nane za fani, wastani wa alama usishuke chini ya 2.0 kwenye kipimo kinachoishia 4.0, nawe umehakikishiwa nafasi CSU kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na hawaruhusiwi kukudai zaidi ya yuniti nyingine sitini kwenye digrii inayolingana. Tatizo linakuja kwenye neno kuhakikishiwa. Umehakikishiwa nafasi kwenye mfumo. Hukuhakikishiwa kampasi. San Diego State hapa kwetu ina waombaji wengi kuliko viti katika fani zote, na mwenye 2.0 anaweza kujikuta amepewa nafasi mji ambao hajawahi kuusikia, saa saba kwa gari kutoka kwa mama yake. Binti huyu ana wadogo wanne anaowapeleka shule asubuhi. Kwake kampasi si jambo la kuchagua kwa picha.

Ya pili inaelekea UC. Huko hakuna shahada inayokufungulia mlango moja kwa moja, kuna makubaliano ya uhakika yaitwayo TAG, na kampasi sita zinayatoa: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazitoi. Unachagua moja tu kati ya sita, unajaza fomu mwezi Septemba, unatimiza alama na kozi walizozitaja, nao wanakuahidi kiti. Kisha Oktoba na Novemba unajaza maombi ya kawaida ya UC yote, ukiweka na zile kampasi zisizoahidi kitu. Kiwango cha chini cha UC kwa mkaazi ni wastani wa 2.4, lakini kufikia kiwango cha chini kunakupa haki ya kusomwa tu. Watu hukosa TAG kwa jambo dogo: Septemba wanayoitaja ni ya mwaka unaotangulia. Anayetaka kuingia chuo kikuu vuli ya mwaka kesho kutwa anajaza vuli ya mwaka kesho, wakati ambao amekaa darasani mwaka mmoja tu. Likizo ya kwanza ikiisha hujaamua, umeshachelewa nusu.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kulikuwa na zawadi moja iliyofichwa kwenye maandishi madogo. Mkusanyiko wa zamani wa masomo ya jumla ulikuwa na sharti la lugha isiyo Kiingereza kwa wanaohamia UC; Cal-GETC haina sharti hilo, ila baadhi ya vitivo bado vinalidai vyenyewe. Kanuni za sharti hilo la zamani zilikubali kwamba aliyesoma kwa miaka miwili, ngazi ya darasa la sita au zaidi, kwenye shule isiyofundisha kwa Kiingereza, amelitimiza. Mtanzania aliyepita shule ya msingi ya serikali amesoma darasa la sita na la saba kwa Kiswahili. Hiyo ni miaka miwili kamili. Mimi nilimpigia mama, akaniambia cheti changu cha darasa la saba kimo kwenye sanduku la vitenge. Kilikuja na mtu, nikakifanyia tafsiri rasmi, nikasamehewa kozi za Kihispania. Binti wa Nyarugusu aliondoka kabla ya darasa la sita, kwa hiyo njia hiyo haimfai, ila kuna kampasi zinazopima lugha kwa mtihani, na Kiswahili kinafundishwa Berkeley na Los Angeles, hivyo mtu wa kumtahini yupo.

Baba alikuja mwenyewe jikoni jioni moja kunisikiliza. Swali lake halikuwa la yuniti. "Mama, huyu atakula mifupa?" Nilicheka, naye akacheka, lakini ni swali la haki na sikutaka kulikwepa. Nikamweleza kwamba tangu sheria ya kuhifadhi urithi ya 1966, mradi wowote wenye mkono au fedha ya serikali kuu, barabara, bomba, mnara wa simu, lazima uangaliwe kama utaharibu mabaki ya kale, na California ina sheria yake ya mazingira ya 1970 juu ya hiyo. Kuna makampuni yanayoishi kwa kazi hiyo, yanaajiri watu wa kutembea mbele ya matingatinga, kuchimba mashimo ya majaribio na kuchekecha udongo. Vyuo vya jamii kama Cabrillo na Palomar vimefundisha akiolojia ya vitendo kwa miaka mingi kwa ajili ya kazi hiyo. Jua ni kali, ajira ni za msimu, na kupanda ngazi kunataka digrii ya kwanza, kisha ya pili. Upande wa utamaduni njia hazina alama: hospitali zenye wagonjwa wa lugha thelathini, mashirika ya wakimbizi, ualimu, utafiti wa watumiaji kwenye kampuni za teknolojia. Hakuna tangazo la kazi linaloandikwa "anatafutwa mwanaanthropolojia" kama linavyoandikwa la muuguzi. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Alinyamaza, akaniomba chai nyingine.

Kuna jambo alilolipenda, na ni la hapa hapa mjini. Mwaka 1976, La Jolla, kwenye eneo la nyumba ya mkuu wa UC San Diego, yalichimbuliwa mabaki ya watu wawili waliozikwa zaidi ya miaka elfu tisa iliyopita. Wakumeyaay, wenyeji wa ardhi hii, walidai wazee wao warudishwe kwa sheria ya 1990 inayosimamia mabaki ya wenyeji. Baadhi ya maprofesa wakaenda mahakamani kuzuia, wakitaka kuyachunguza. Walishindwa, na mwaka 2016 mabaki yakakabidhiwa. Kwenye chuo cha jamii tulilijadili hilo usiku mzima, na aliyeongea kwa uzito zaidi alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu ambaye ukoo wake ni wa wenyeji hao. Madarasa ya chuo kikuu nilikokwenda baadaye yalikuwa na vijana wa miaka ishirini wenye akili kali, ila bibi kama yule hakuwemo. Mzee wa Uvira aliposikia habari ya mifupa kurudishwa kwa wenyewe akasema, "Kumbe ndiyo kazi yenyewe." Sikumsahihisha. Ni sehemu yake.

Nisije nikaonekana napiga debe. Chuo cha jamii kina mapungufu yanayoiuma anthropolojia kuliko fani nyingine. Idara mara nyingi ni mwalimu mmoja wa kudumu na kadhaa wa vibarua wanaofundisha vyuo vitatu kwa wiki. Nilisubiri anthropolojia ya lugha mihula mitatu kwa sababu kila mara ilifutwa, wanafunzi hawakutimia. Utafiti hakuna. Vitabu angalau si tatizo tena: chama cha walimu wa anthropolojia wa vyuo vya jamii, kilicho chini ya chama cha wanaanthropolojia wa Marekani, kimetoa vitabu kamili vya utangulizi wa tawi la utamaduni na la kibayolojia, bure mtandaoni, na hata aliyeko Kigoma mwenye bando anaweza kuvishusha leo.

Na ukishavuka, saa inakimbia. Kampasi nyingi za UC zinakwenda kwa robo za wiki kumi, isipokuwa Berkeley na Merced. Wenzako wamekaa miaka miwili wakijua ni profesa gani ana maabara, nani huchukua wanafunzi kwenda uwandani. Wewe unaingia Septemba, wiki ya tano ni mitihani, na una robo sita tu hadi joho. Robo yangu ya kwanza kozi ya nadharia ilinidai kurasa mia na zaidi kwa wiki, nikapata alama ambayo sijawahi kumwonyesha mtu. Hali hiyo ina jina miongoni mwa washauri, mshtuko wa kuhama, na hupita. Ila anayeijua mapema huenda kwenye saa za ofisi za profesa wiki ya kwanza, badala ya ya nane kama mimi.

Binti amejiandikisha yuniti kumi na tatu: uandishi, takwimu, anthropolojia ya kibayolojia na maabara yake, na ya utamaduni. Maabara ni Jumanne usiku. Nimemwambia akifika kwenye fuvu lenye upanga wa jogoo anipigie picha, nimpelekee mdogo wangu aliyeko Ilala, aende Shaaban Robert kulinganisha.